Ukilalamikia aliyeachwa Timu ya Nyota, mtaje na wa kumpisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie mjadala unaowaka kila Juni na Julai miongoni mwa wapenzi wa besiboli ya Marekani, tukiwemo Waswahili tunaoishi huku: nani anastahili kuitwa kwenye Mchezo wa Nyota, mechi ya Julai kati ya wachezaji bora wa ligi mbili za huku, American League na National League, na nani kaachwa kwa dhuluma. Mjadala wenyewe ni mtamu na siutaki ufe. Ninachokipinga ni namna tunavyoupeleka. Malalamiko mengi hayana uzito kwa sababu mlalamikaji hutaja aliyeachwa tu, hamtaji wa kumpisha. Kikosi cha kila ligi kina nafasi 32, wachezaji 20 wa kupiga na kulinda pamoja na warushaji 12, yaani wanaomrushia mpigaji mpira. Tunapobishania kikosi cha Taifa Stars, anayesema fulani angeitwa huulizwa papo hapo amtoe nani. Swali hilohilo liulizwe huku.

Na halijibiki bila kujua wachezaji huingiaje. Njia ni tatu, kila moja na kanuni zake, na lawama ya njia moja haiwezi kubebeshwa nyingine.

Ya kwanza ni kura za mashabiki. Hizi huchagua wachezaji 9 wa kuanza katika kila ligi: mdakaji, walinzi wanne wa ndani, watatu wa nje, na mpigaji maalumu, yaani yule anayepiga bila kucheza ulinzi. Upigaji kura una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza shabiki anaruhusiwa kupiga mara 5 kila saa 24. Kinara wa kura wa kila ligi hupita moja kwa moja. Mwaka 2025 walipita Aaron Judge kwa American League na Shohei Ohtani kwa National League. Kwa nafasi zilizobaki, wawili wa juu huingia hatua ya pili. Walinzi wa nje huingia sita, au wanne kama kinara wa kura ni mmoja wao. Hapa ndipo wengi hupotea: kura za hatua ya kwanza hazihamishwi, wote huanza upya kutoka sifuri. Shabiki aliyepiga kura kila siku mwezi mzima wa Juni kisha akaona mtu wake anaongoza na kutulia, amemwacha mtu wake bila kura hata moja pale inapoamuliwa.

Ya pili ni kura za wachezaji wenyewe. Wao huchagua akiba mmoja kwa kila nafasi, jumla 9, na warushaji 8: watano wanaoanza mechi na watatu wanaoingia baadaye. Ya tatu ni Ofisi ya Kamishna, ambayo hujaza nafasi 6 zilizobaki, warushaji 4 na wachezaji 2. Juu ya yote kuna sharti kwamba kila klabu, kati ya 15 za kila ligi, iwe na angalau mchezaji mmoja kikosini.

Fanya hesabu uone mkwamo uko wapi. Mashabiki na wachezaji wakishachagua 26, kama klabu nne bado hazina mtu, basi nafasi nne kati ya zile sita za Kamishna tayari zina wenyewe. Zinabaki mbili kwa ajili ya wale wote ambao nchi nzima inasema wameonewa. Tena hizo mbili huenda ni za warushaji, wakati anayeliliwa ni mlinzi wa nje. Kwa hiyo asilimia kubwa ya hasira za kila mwaka hutokana na nafasi sita za mwisho, si na kura za mashabiki, ingawa mashabiki ndio hutukanwa.

Kuna wanaotaka sharti la kila klabu lifutwe. Mimi nalitetea. Ni kweli lina historia ya majina ya ajabu: mwaka 2003 Pittsburgh iliwakilishwa na Mike Williams, mrushaji wa kumalizia mechi aliyekuwa akiruhusu zaidi ya mikimbio 6 (mkimbio ni alama, mchezaji akizunguka vituo vyote vinne, yaani besi) kwa kila iningi tisa, vipindi vya mechi ya kawaida. Lakini mfano huo hurudiwa kwa sababu ni adimu. Katika miaka mingi klabu dhaifu huwa na mtu mmoja anayestahili kwa haki yake. Mwaka 2025 Miami ilikuwa na Kyle Stowers peke yake, na Stowers alipiga homurani tatu (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) katika mechi ya mwisho kabla ya mapumziko ya Mchezo wa Nyota, akafikisha 19. Huyo si wa kuonewa huruma. Mtoto wa Miami au Pittsburgh anayenunuliwa fulana ya klabu yake naye ana haki ya kumwona mtu wake akitajwa usiku huo.

Mashabiki husemwa vibaya kuliko wote, na siwezi kudai husemwa bila sababu. Mwaka 1957 gazeti moja la Cincinnati lilisambaza karatasi za kura zikiwa zimeshajazwa majina ya wachezaji wa klabu ya mji huo. Matokeo yake, wanaoanza kwa National League wakatoka wote Cincinnati isipokuwa Stan Musial wa St. Louis katika besi ya kwanza, mbali na mrushaji ambaye hakupigiwa kura. Kamishna Ford Frick akawatoa Gus Bell na Wally Post, akawaweka Willie Mays na Hank Aaron, kisha mashabiki wakanyang'anywa kura hadi 1970. Huwa inasahaulika kwamba kati ya wale saba wa Cincinnati alikuwemo Frank Robinson, aliyestahili kabisa. Kura iliyochezewa si lazima ikosee kila jina.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Kansas City. Barua pepe moja iliruhusiwa kura 35, na katikati ya Juni wachezaji wanane wa Royals walikuwa wakiongoza katika nafasi zao. Mmoja wao alikuwa Omar Infante wa besi ya pili, aliyeumaliza msimu ule na wastani wa kupiga .220 na homurani 2. Ligi ikafuta kura zaidi ya milioni 60, José Altuve akampita Infante, na mwishoni Royals wakabaki na wanne wa kuanza. Tangu 2019 tuna mfumo wa hatua mbili, na tangu 2022 wanaoingia hatua ya pili ni wawili tu kwa kila nafasi. Mfumo huu umetibu sehemu kubwa ya ugonjwa. Mji mmoja unaweza kumsukuma mtu wake hadi fainali. Kumshindisha dhidi ya mpinzani mmoja ambaye miji mingine yote inampigia ni kazi nyingine.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo mjadala huharibika zaidi. Bado wapo wanaolinganisha wapigaji kwa wastani wa kupiga peke yake. Wastani huo ni mapigo halali (yanayomfikisha mpigaji besi) kugawanywa kwa idadi ya zamu rasmi za kupiga, na zamu rasmi haihesabu mara ambazo mpigaji alipewa besi ya kwanza kwa mipira minne mibovu. Yaani mchezaji mwenye subira, anayemlazimisha mrushaji akosee mara nne, hapati chochote katika hesabu hiyo.

Chukua wapigaji wawili wa mfano. Wa kwanza ana zamu rasmi 300 na mapigo 90, wastani .300. Amepewa besi kwa mipira mibovu mara 15, amegongwa na mpira mara 2, na ana mapigo 3 ya juu ya kujitoa mhanga, ambapo yeye hutoka ila mwenzake huingiza mkimbio. Wa pili ana zamu 270 na mapigo 70, wastani .259. Amepewa besi mara 55, amegongwa mara 3, na ana mapigo 2 ya kujitoa. Kijiweni wa kwanza atashinda kabla chai haijamiminwa. Sasa tafuta wastani wa kufika besi, ambao kwenye jedwali huandikwa OBP: jumlisha mapigo, besi za mipira mibovu na kugongwa, kisha ugawanye kwa zamu rasmi pamoja na besi hizo, kugongwa na mapigo ya kujitoa. Wa kwanza ana 107 kwa 320, yaani .334. Wa pili ana 128 kwa 330, yaani .388. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Timu ina auti 27 tu (mara za mchezaji wake kutolewa) za kutumia katika mechi ya kawaida, na wa kwanza ametumia nyingi kuliko wa pili ilhali amekuja kupiga mara chache zaidi.

Ongeza nguvu ya mapigo. Hesabu pigo la besi moja kama 1, la besi mbili 2, la tatu 3, homurani 4, kisha gawanya kwa zamu rasmi. Hiyo ni SLG. Tuseme wa kwanza ana mapigo 70 ya besi moja, 15 ya besi mbili na homurani 5. Ni besi 120 kwa zamu 300, yaani .400. Wa pili ana 38 za besi moja, 14 za besi mbili na homurani 18. Ni besi 138 kwa 270, yaani .511. Ukijumlisha vipimo viwili unapata OPS: .734 kwa yule wa .300, na .899 kwa yule wa .259. Huyu wa pili ndiye nyota.

Mfano hai ni Juan Soto wa Mets ya New York msimu wa 2025. Alifika mapumzikoni na wastani wa kupiga .262, watu wakasema msimu wake ni wa kawaida. Lakini alikuwa akifika besi kwa .396 na ana homurani 23. Hakuitwa. Mimi nasema aliachwa isivyo haki, na kwa kanuni niliyoitaja hapo juu ni wajibu wangu kusema nani ampishe. Walinzi wa nje wa National League walioitwa walikuwa Ronald Acuña Jr., Pete Crow-Armstrong na Kyle Tucker wa kuanza, na Corbin Carroll, Fernando Tatis Jr., James Wood na Stowers wa akiba. Stowers hatoki, kwa sababu Miami isingebaki na mtu. Watatu wa kuanza wamechaguliwa na mashabiki, na Kamishna hana mamlaka ya kuwagusa. Wanabaki Carroll, Tatis na Wood. Tatis ni mlinzi hodari kupita Soto kwa mbali, na mikimbio anayoizuia ni mikimbio kama ile inayofungwa kwa gongo. Wood alikuwa na nguvu ya kutisha nusu ya kwanza ya msimu. Ningemtoa Carroll, aliyekosa mechi kadhaa kwa jeraha la kifundo cha mkono, na ningekiri kwamba pengo ni jembamba. Anayetaka kunipinga sasa ana jina la kulipinga.

Acuña naye alizua ubishi. Alirudi uwanjani 23 Mei baada ya kuuguza goti, kwa hiyo alicheza karibu nusu ya mechi ambazo wenzake walicheza, akachaguliwa kuanza nyumbani kwake Atlanta, ambako mchezo wa mwaka huo ulifanyika. Wapo waliodai ni upendeleo wa wenyeji. Lakini kiwango chake katika mechi hizo kilikuwa cha juu mno, zaidi ya 1.000 kwa OPS. Tunapaswa kuamua tunapima nini: mchango wote wa miezi mitatu, au ubora wa mchezaji siku anapoitwa? Kwa mchango, mechi alizokosa zinamhesabia sifuri. Kwa ubora, anaingia. Mimi huchukua msimu huu pamoja na uliotangulia, msimu huu ukiwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu nusu msimu hudanganya. Bryan LaHair wa Cubs ya Chicago aliitwa kama akiba mwaka 2012 kwa moto aliouwasha Aprili. Aliumaliza mwaka na .259, akaenda Japani msimu uliofuata, hakurudi tena kwenye ligi kuu.

Nafasi ya mchezaji uwanjani nayo husahaulika. Mdakaji halinganishwi na mlinzi wa besi ya kwanza kwa homurani. Ni wachache wanaoweza kudaka, wengi wanaweza kusimama besi ya kwanza. Na kwa kuwa kila nafasi ina wa kuanza mmoja na akiba mmoja, ubaya huja pale nafasi moja inapokuwa na vipaji vitatu. Mwaka 2025 nafasi ya mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu ilikuwa na Francisco Lindor na Elly De La Cruz. Trea Turner wa Philadelphia akakosa, kisha akaumaliza msimu akiwa bingwa wa wastani wa kupiga wa National League kwa .304. Kwa Turner sidhani kulikuwa na dhuluma. Kulikuwa na msongamano.

Viwanja pia havifanani. Coors Field ya Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira husafiri mbali na mpira wa kupinda hupungua kupinda. Mpigaji wa huko mwenye OPS .850 si sawa na mwenye .850 kule San Diego. Kwa hilo tumia OPS+, ambayo hurekebisha kwa uwanja na ligi na kuweka 100 kuwa wastani: 130 maana yake asilimia 30 juu ya wastani. Kipimo cha jumla cha WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko mbadala wa kawaida, ni kizuri pia, ila usipigane kwa tofauti ya nusu alama katikati ya msimu. Tovuti za takwimu za FanGraphs na Baseball-Reference hukihesabu tofauti, na kwa warushaji hutofautiana zaidi kwa kuwa mmoja huanzia kwenye straiki-auti (wapigaji waliotolewa kwa kukosa mpira), besi za bure na homurani, mwingine kwenye mikimbio iliyoingia.

Kwa warushaji kosa la kwanza ni kuhesabu ushindi. Jacob deGrom alipata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2018 akiwa na ushindi 10 na vipigo 9, kwa sababu aliruhusu mikimbio 1.70 tu kwa iningi tisa. Timu yake ndiyo haikumfungia. Kosa la pili ni kusahau wingi wa kazi, na hapo ndipo nilipo kinyume na Ofisi ya Kamishna kuhusu Jacob Misiorowski wa Milwaukee. Aliitwa mwaka 2025 kujaza pengo la aliyejitoa akiwa ameanza mechi 5 tu katika maisha yake ya ligi kuu. Rekodi ya nyuma ilikuwa mechi 11 za Paul Skenes mwaka 2024.

ERA ya Misiorowski, yaani mikimbio aliyoruhusu kwa kila iningi tisa, ilikuwa 2.81. Jihadhari na jedwali: likiandika 25.2 maana yake ni iningi 25 na theluthi mbili, si ishirini na tano nukta mbili. Mikimbio 8 mara 9, gawa kwa 25.667, unapata 2.81. Sasa mpe siku moja mbaya, mikimbio 6 katika iningi 3: inakuwa 14 kwa iningi 28 na theluthi mbili, ERA inaruka hadi 4.40. Mpe siku hiyohiyo mrushaji wa iningi 115 mwenye mikimbio 32, ERA 2.50: inapanda hadi 2.90 tu. Namba ya kwanza bado haijatulia, ya pili imetulia. Skenes ni habari tofauti. Alikuwa na iningi 66 na theluthi moja, straiki-auti 89 na ERA 1.90, na alistahili hata kuianza mechi ile ya 2024. Hasira za watu wa Philadelphia, waliokuwa na Cristopher Sánchez mwenye iningi zaidi ya 100 na ERA chini ya 3, nazielewa na naziunga mkono.

Ila tuwe waadilifu: orodha ya wanaojaza mapengo haionyeshi nani aliulizwa kwanza. Mrushaji anayeanza mechi Jumapili kabla ya Mchezo wa Nyota kwa kawaida hubadilishwa, na wengine wakipigiwa simu huchagua kupumzisha mkono. Jina unalolisoma huenda ni la tatu kuulizwa. Vilevile, mkongwe anayeongezwa na Kamishna kwa heshima, kama Albert Pujols na Miguel Cabrera mwaka 2022 au Clayton Kershaw mwaka 2025, huongezwa juu ya kikosi. Kumlalamikia Kershaw kwamba kakalia kiti cha mtu ni kukosea.

Na wanaodharau nafasi za akiba wakumbuke Atlanta, 15 Julai 2025. Mechi iliisha 6-6, ikaamuliwa kwa wapigaji watatu wa kila upande, kila mmoja akipewa nafasi ya kupiga mara tatu ili kutafuta homurani. Kyle Schwarber, aliyekuwa akiba wa Ohtani, alipiga mara tatu na zote zikawa homurani. National League ikashinda kwa homurani 4-3 na yeye akawa mchezaji bora. Hakuchaguliwa na mashabiki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Julai ijayo gazeti litakapochapisha vikosi, liweke mbele ya kila jina herufi moja kuonyesha ameingia kwa kura za mashabiki, za wachezaji, kwa uteuzi wa Kamishna au kwa kujaza pengo. Kwa wapigaji, pawepo OBP na SLG kando ya wastani wa kupiga. Kwa warushaji, pawepo iningi kando ya ERA.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio, Marekani